Kozi ya kusoma habari na picha, Iringa mjini: elfu sitini yangu na bango lao

Naanza na bango, maana ndilo lililonitoa Mafinga. Liliingia kwenye simu yangu mwezi wa tano, kupitia kundi letu la wapiga picha: jifunze jinsi vyombo vya habari vinavyotuchorea dunia, siasa zake na maadili yake, Jumamosi sita, shilingi 60,000 pamoja na chai. Juu ya maneno hayo palikuwa na picha ya chumba kizuri, kompyuta bapa zimepangwa mistari, vijana wamevaa vizibao vya bluu, na nje ya vioo vikubwa miti iliyopunguzwa kwa mkasi, miti ambayo Iringa hii sijawahi kuiona. Mimi nimeshika kamera mwaka wa kumi na tisa sasa. Nilipaswa kujua. Nikatuma hela.

Chumba chenyewe kiko Miyomboni, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya umeme. Viti vya plastiki ishirini na viwili. Shuka jeupe limepigiliwa ukutani kwa misumari minne, projekta inakoroma kama mzee aliyelala chali, na waya wa ekstensheni umekatiza mlangoni, kwa hiyo kila anayeingia anaruka. Kompyuta ni moja, ya mwalimu, na herufi mbili za kibodi zimeng'oka.

Nikauliza kabla sijakaa. "Samahani mwalimu, zile kompyuta za kwenye bango ziko chumba gani?"

Akacheka. "Dada yangu, ile ni picha ya mfano tu."

Nikakaa nimenuna. Nimeamka saa kumi alfajiri, Mafinga ukungu mpaka mlangoni, nauli ya kwenda na kurudi elfu kumi, halafu naambiwa picha ya mfano. Mteja akija kwangu kupiga pasipoti nikampa sura ya mtu mwingine nikamwambia ni ya mfano, si atanivunjia kioo?

Na kusema kweli mimi mwenyewe nilikuwa na deni la namna hiyo. Nina studio ndogo: pasipoti, harusi, kipaimara, mahafali, na misiba pia. Kuna binti mmoja alikuja kupiga picha ya kumaliza kidato cha nne, mweusi mzuri wa kung'aa. Nikamsafisha kwa programu kama ninavyowasafisha wote, mpaka akawa rangi ya chapati. Mama yake alipokuja kuchukua akaishika ile picha karibu na dirisha, akaitazama sana, akaniuliza, "Mama Picha, umenipigia mtoto wa nani?" Nikampa nyingine bila kumtoza, lakini swali lile halikutoka kichwani. Ndilo lililonifanya nilipie kozi.

Sasa kozi yenyewe. Jumamosi ya kwanza ilikuwa utambulisho na maneno mengi, naipita. Waliohudhuria tulikuwa mchanganyiko: waandishi wanne wa mkoani, walimu wa sekondari, muuguzi mmoja, wanafunzi wa chuo, kijana wa Makambako, mkoani Njombe, mwenye TV ya mtandaoni, na mama mmoja mtu mzima aliyekaa nyuma kabisa na kikapu chake, hakusema neno.

Jumamosi ya pili mwalimu aliingia, akawasha projekta, na kitu cha kwanza kupanda kwenye shuka kikawa lile bango. Akasema, "Leo tunaanza na uongo wa nyumbani. Dada wa Mafinga aliuliza, mimi nikamjibu ovyo." Kwa hilo nampa heshima yake. Walimu wangapi mnaowajua wangerudi na kosa lao mkononi?

Tulikaa na lile bango saa mbili. Nani kapiga hii picha? Alisimama wapi? Kimekatwa nini pembeni? Nani yumo, nani hayumo, nani kalipa, na nani alitegemewa aitazame? Mwanzoni tulijibu kwa kubahatisha, baadaye macho yakaanza kufunguka. Mwanafunzi mmoja aliona soketi za ukutani ni za matundu mawili ya duara, na hapa kwetu tunatumia za pini tatu bapa. Mimi nikaona kivuli cha pua za wale vijana: kimelala pande mbili, maana yake kuna taa mbili za studio, hao hawasomi, wanapigwa picha. Mwalimu wa sekondari akauliza mbona hakuna hata daftari moja mezani. Kufika saa tano lile bango lilikuwa limevuliwa nguo zote. Tangu siku ile siwezi kuona tangazo la benki lenye mkulima anayetabasamu bila kutafuta kivuli cha pua yake.

Baada ya chai mwalimu akatuletea Stuart Hall. Huyu alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1932, akaenda Uingereza kusoma, akaja kuongoza kituo cha masomo ya utamaduni pale Birmingham. Mwaka 1973 aliandika hoja kwamba habari haimwagwi kichwani mwa mtu kama maji kwenye ndoo. Anayeituma anaifunga kwa namna yake, anayeipokea anaifungua kwa namna yake, na anaweza kuikubali kama ilivyofungwa, kuikubali nusu nusu, au kuikataa kabisa. Slaidi zote zilikuwa za Kiingereza, na hapa natoa alama: ukiwatoza watu wa Iringa na Mafinga elfu sitini, tafsiri slaidi zako. Kilichomwokoa ni mfano wa beli ya mitumba. Aliyeifunga huko Ulaya alijua ni nguo gani anazitupa. Anayeikata kamba pale sokoni anaita gredi wani. Anayenunua anaona koti la kwendea kanisani. Nguo ni ile ile. Nikakumbuka albamu za harusi zangu: bwana harusi anatafuta kama gari limeonekana lote, mama mkwe anahesabu ndugu zake wamepigwa wangapi. Kumbe miaka yote namjua Stuart Hall, jina tu ndilo sikuwa nalo.

Jumamosi ya tatu peke yake ilinirudishia hela yangu. Tulipewa kila mmoja kipande cha karatasi chenye namba za utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2016-17, watu wa miaka 15 na kuendelea: Njombe asilimia 11.4, Iringa 11.3, Mbeya 9.3. Kazi: andika kichwa cha habari, dakika tano. Tukakusanya. Kati ya vichwa ishirini na viwili, kumi na nne vilikuwa ndugu wa "Njombe yaongoza kwa ukimwi." Mwandishi mmoja mzoefu aliandika "Iringa yapumua." Darasa likacheka, akacheka na yeye.

Yule kijana wa Makambako akasimama. "Iringa mnapumua kwa nukta moja?" Kimya. Akaendelea: akiwa Dar akiulizwa kwao husema Iringa, hasemi Njombe, kwa sababu akisema Njombe kuna macho anayaona. Anajificha kwenye mkoa ulio nyuma yake kwa sehemu moja ya kumi ya asilimia. Namba hazikudanganya hata kidogo, kilichomuumiza ni neno "yaongoza".

Hapo ndipo muuguzi alipotufundisha kuliko mwalimu. Alisema utafiti wa 2022-23 uliipandisha Njombe mpaka 12.7, na watu wakasikia kwamba watu wanaambukizana zaidi. Lakini ile namba inahesabu wanaoishi na virusi, siyo walioambukizwa mwaka huo. Watu wakimeza dawa vizuri hawafi, wanabaki kuhesabiwa. Kwa hiyo kupanda kwake kunaweza kuwa pia na habari njema ndani yake, na hakuna mhariri atakayekupa ukurasa wa mbele kwa sentensi ndefu hivyo. Tukarudia zoezi. Safari hii hakuna aliyemaliza kwa dakika tano.

Halafu ikaja klipu ya kichekesho, vile vya kwenye simu, dada wa kazi ametoka Iringa juzi, anaogopa friji, anaongea kwa lafudhi ya kuvuta, kila sentensi ni salamu ya Kihehe, "kamwene, kamwene." Mnavijua. Darasa zima lilicheka, na mimi nikiwemo, Mhehe wa baba na mama. Mwalimu hakusema kitu, akairudisha mwanzo, akaicheza bila sauti. Bila sauti haichekeshi. Unamwona tu msichana anatetemeka mbele ya friji na watu wazima wanamtazama.

Yule mama wa nyuma akanyanyua mkono. Alizungumza taratibu, na kikapu kikiwa magotini. "Mimi nilipelekwa Dar nikiwa na miaka kumi na minne. Bosi wangu alikuwa mtu mwema, hakunipiga. Ila wageni wakija alikuwa ananiita sebuleni, ananiambia, hebu wasalimie kwa Kihehe wasikie." Akanyamaza kidogo. "Wakicheka ananipa soda."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mwalimu, nadhani kwa woga, akataka kulitia neno la kitaalamu, sijui uwakilishi sijui ubaguzi wa kitabaka. Angemwacha mama amalize. Baadaye kwenye chai nilimwendea nikamwamkia, "Shikamoo mama," tukazungumza mambo ya bei ya mahindi, na akaniambia anahudhuria kwa sababu mjukuu wake anataka kuwa mtangazaji.

Jumamosi ya nne tulikwenda Kalenga kwenye makumbusho ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kilomita kama kumi na tano kutoka mjini, nauli kila mtu yake (hilo kwenye bango halikuwepo). Nimekwenda Kalenga tangu darasa la tano. Fuvu nalijua lilipo kwenye kioo chake. Hadithi nilikuwa naijua kwa wimbo: Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 na kamanda wao Zelewski akafia hapo, Kalenga ikaanguka 1894, mwenyewe akajiua 1898 asikamatwe, wakakichukua kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, ukawataka Wajerumani walirudishe fuvu ndani ya miezi sita. Lilirudi 1954.

Nisichokuwa nakijua ni jinsi lilivyopatikana. Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alikwenda Bremen mwaka 1953, akakuta makumbusho yana mafuvu mengi yaliyobebwa kutoka huku kwetu na kwingine, akalichagua lile kwa vipimo, kwa kulinganisha umbo na vichwa vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai. Mwalimu akauliza, tukiwa tumesimama palepale mbele ya kioo: mnajuaje? Mwandishi mmoja akakasirika, akasema kuna vitu mtu haulizi. Mimi siungani na aliyekasirika wala na aliyeuliza, maana lile ni kaburi kabla halijawa maonyesho. Lakini kwa fani yangu nilielewa. Maandishi chini ya picha ndiyo yanayokwambia unaangalia nini. Ukiyabadilisha, macho yanaona kitu kingine, na kioo hakijaguswa. Na yale mafuvu mengine yaliyobaki kabatini Bremen yalikuwa ya kina nani? Hakuna aliyewawekea kifungu kwenye mkataba.

Nimeandika sana, lakini Jumamosi ya tano siwezi kuiruka, maana ilihusu wilaya yangu. Daudi Mwangosi alikuwa mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa. Tarehe 2 Septemba 2012, Jumapili, aliuawa kwa bomu la machozi kijijini Nyololo, Mufindi, polisi walipokuwa wanawazuia CHADEMA wasifanye shughuli yao. Mimi siku hiyo nilikuwa napiga picha za ubatizo Mafinga, na Nyololo ni barabara hii hii ya kwenda Makambako. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja miaka kumi na tano kwa kuua bila kukusudia.

Picha za siku ile zinajulikana nchi nzima: Mwangosi yuko chini, askari wamemzunguka. Mwalimu alituuliza kabla ya kuionyesha kama kuna asiyetaka kuiona. Wawili wakatoka nje, mmoja wao alikuwa amefanya naye kazi. Swali la siku lilikuwa: wewe ni mhariri, una picha yake akiwa hai mikononi mwa askari, na una ya baada ya bomu. Unachapa ipi?

Tulibishana mpaka mama wa chai akaja kuuliza kama tumeghairi. Waandishi watatu walisema zote, kwa sababu bila ushahidi watu watasema kitu kilichomuua kilitupwa na waandamanaji. Muuguzi alisema hata moja, kuna mke na watoto wanaopita mbele ya meza za magazeti. Mimi nilisema ile ya kwanza, akiwa hai, iwe kubwa, ukurasa wa mbele, na majina. Ya pili ipelekwe mahakamani. Sijabadilisha mawazo, ingawa mwandishi mmoja aliniambia kwa upole kwamba ni rahisi kusema hivyo ukiwa unapiga picha za harusi. Sikumjibu. Ana haki yake.

Jumamosi ya mwisho iliniudhi. Ilikuwa ya sheria: ile ya makosa ya mtandao ya 2015, ya huduma za habari ya 2016, na kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizoanza 2018 ambazo ndizo zinamtaka mwenye TV ya mtandaoni awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ndiyo siku tuliyoihitaji kuliko zote, na ndiyo iliyopikwa vibaya. Mgeni aliyealikwa alisoma karatasi kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kunyanyua uso. Kijana wa Makambako akauliza swali la maana: nikirekodi mkutano wa kijiji, mwenyekiti akatukanwa mle ndani, aliyekosa ni nani, aliyetukana au mimi niliyerusha? Akajibiwa, "Zingatia sheria." Hela ya mtu hiyo!

Afadhali mwalimu aliokoa dakika arobaini za mwisho kwa kuwaachia waandishi wazungumzie bahasha, hela wanayopewa na wanaowaalika. Hapo palikuwa na moto. Wengi wao hawana mshahara, wanalipwa kwa stori, na stori moja haitoshi hata nauli ya pikipiki kufika tukio lilipo. Anayekualika ndiye anayekulipia nauli. Sasa wewe utaandika nini juu ya aliyekulipia nauli? Mmoja alisema hachukui bahasha kabisa, mwenzake akamkumbusha semina fulani, wakacheka wote wawili kicheko cha watu wanaojuana. Nikajiuliza mimi ninayelishwa pilau kila harusi, ni lini niliwahi kumpiga bibi harusi anayelia.

Mambo madogo madogo. Chai ni ya tangawizi, nzuri, chapati moja kwa kila mtu na usijaribu kuomba ya pili. Choo kiko chini, ufunguo unao duka la vifaa vya umeme, ukiwakuta wamefunga ni shauri yako. Umeme ulikatika Jumamosi mbili, tukasoma mlangoni kwenye mwanga, na hizo ndizo zilikuwa mbili kati ya zile nzuri. Vaa sweta, upepo wa Iringa unaingia kwa nyufa za dirisha la upande wa barabara. Cheti kimeandikwa jina langu kwa herufi moja pungufu.

Ningewapa tatu na nusu kati ya tano. Nakata moja kwa slaidi za Kiingereza na siku ya sheria, nakata nusu kwa bango. Ukiwa mwandishi, mwalimu, au unatengeneza picha za watu kwa hela, nenda. Ukiwa unafuata cheti tu, tafuta kwingine, hiki hakina mhuri wa maana.

Studio nimebandika karatasi: kusafisha sura ni kwa anayeomba, na rangi ya ngozi haiguswi. Wateja wawili wameondoka wakaenda kwa jirani. Yule mama wa binti amerudi, safari hii na wadogo zake watatu.

Na siku ya mwisho kabla hatujatawanyika nilisimama kwenye kona, nikapiga kile chumba kama kilivyo: viti vya plastiki, shuka na misumari yake minne, waya mlangoni, mama na kikapu, watu wamenyanyua mikono. Mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri sana. Nikamtumia mwalimu Jumatatu, bure, nikamwambia hii ndiyo wekeni kwenye bango. Akajibu, "Asante sana dada, nzuri mno." Juzi wametangaza kozi ya mwezi wa tisa. Zile kompyuta bado zipo.